Msonobari unavyopambana na kuvu inayoletwa na mbawakawa

WAKAZI wa miji ya bara katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, walizoea kuiona misitu yao ikiwa ya kijani mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliishuhudia ikigeuka rangi. Yalianza madoa mekundu hapa na pale vilimani, yakafuata vilima vizima vyekundu, na baada ya miaka michache ukabaki ukijivu wa miti mikavu isiyo na hata jani moja. Hapakuwa na moto uliopita hapo. Aliyepita ni mdudu mweusi mwenye urefu wa milimita 5 hivi, karibu sawa na punje ya mchele, naye hakuwa peke yake.

Mdudu huyo ni mbawakawa wa misonobari ya milimani, ajulikanaye kitaalamu kwa jina la Dendroctonus ponderosae. Hadi mlipuko wake ulipopoa katika miaka ya 2010, eneo lililoathirika British Columbia pekee lilikuwa limefikia takriban hekta milioni 18, yaani karibu moja ya tano ya ukubwa wa Tanzania. Zaidi ya nusu ya misonobari ya jimbo hilo iliyofaa kuvunwa kwa ajili ya mbao ilikuwa imekufa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mti uliouawa kwa wingi kiasi hicho si mti dhaifu. Msonobari ni miongoni mwa mimea yenye silaha nyingi kuliko mingine yote. Mti huo uitwao kitaalamu Pinus contorta, ambao wenyeji wa asili wa magharibi mwa Amerika Kaskazini walitumia mashina yake membamba kuwa nguzo za mahema, umeishi na mbawakawa huyo kwa maelfu ya miaka, na katika miaka mingi ya kawaida mti ndio unaoshinda.

Ili kuelewa ushindi huo, na pia kushindwa kwake, hauna budi kutazamwa ulivyojengwa. Gome la nje ni kavu na gumu. Chini yake lipo tabaka laini liitwalo floemu, linalopitisha sukari iliyotengenezwa na majani kwenda sehemu nyingine za mti hadi mizizini. Ndani zaidi ipo kambiamu, utando mwembamba ambao ndio chanzo cha unene wa mti. Baada ya hapo ndipo huanza mbao changa, ambamo maji hupanda kutoka ardhini kwenda kileleni. Mbawakawa anachokitafuta ni floemu, kwani huko ndiko atakakotaga mayai na ndiko mabuu wake watakakokula. Kuvu anayoibeba haitosheki na hapo. Huendelea hadi ndani ya mbao.

Katika matabaka hayo yote imetandazwa mifereji midogo iliyojaa utomvu unaonata, nao umo chini ya mgandamizo. Mdudu anapotoboa gome na kukata mfereji mmojawapo, utomvu hububujika na kumkabili mlangoni. Ukiwa mwingi, humsukuma nje au humzamisha papo hapo. Sehemu yake nyepesi, ambayo ndiyo tapentaini inayouzwa madukani kwa mafundi wa rangi, huyeyuka hewani. Sehemu nzito hubaki, ikakauka na kuziba tundu. Hivyo kwa tendo moja mti humtoa adui, humtia sumu na hufunga jeraha.

Mtaalamu wa misitu anayepita msituni mwishoni mwa kiangazi cha huko huweza kuusoma ugomvi huo kwa macho. Bonge la utomvu lililo jeupe, na ndani yake mdudu aliyenaswa, ni dalili kwamba mti umeshinda. Bonge jekundu lililochanganyika na unga wa gome ni habari mbaya, maana mdudu amekwisha kupita na kazi yake inaendelea ndani.

Kwa mbawakawa huyu jike ndiye anayetangulia. Huruka kati ya Julai na Agosti, akachagua mti, mara nyingi ule mnene wenye umri wa miaka 80 na zaidi, kwa kuwa floemu yake ni nene na chakula cha watoto kitatosha. Na hapa ndipo kisa kinapogeuka. Moja ya sumu zilizomo katika utomvu ni kemikali iitwayo alfa-pinini. Jike akiipata mwilini huibadili kuwa kemikali nyingine, trans-verbenoli, na kuitoa nje kama harufu ya kuwaita wenzake. Kwa maneno mengine, mdudu hutengeneza mwito wa vita kutokana na silaha ya mti wenyewe. Madume wakifika nao huongeza harufu zao, na katika muda wa siku chache mamia ya mbawakawa huwa wametua juu ya shina moja. Mti ukishajaa, hutolewa harufu ya tatu, verbenoni, inayowaambia waliochelewa waende kwingine.

Nguvu ya uvamizi huo, hata hivyo, haimo katika meno ya wadudu peke yake. Katika sehemu za mdomo wa mbawakawa vimo vifuko vidogo mno ambavyo kazi yake ni kubeba mbegu za kuvu, ziitwazo spora. Kuvu zinazojulikana zaidi katika ubia huo ni Grosmannia clavigera na Ophiostoma montium. Ya kwanza hustawi vizuri zaidi penye ubaridi, ya pili penye joto, kwa hiyo mdudu anayebeba zote mbili huwa amejiwekea akiba kwa hali yoyote ya hewa. Kila anapochimba njia yake chini ya gome, huzipanda spora hizo ukutani kama mkulima anayepanda mbegu katika tuta.

Kuvu huota haraka. Nyuzi zake hupenya floemu na kuingia katika mbao changa, zikifuata hasa seli hai zinazohifadhi chakula cha mti. Katika majuma machache mbao hubadilika rangi na kuwa ya buluu au kijivu, kutokana na melanini iliyomo katika nyuzi hizo. Njia za maji hukatika. Kileleni majani hubaki ya kijani kwa miezi kadhaa, na mtu asiyejua angeapa kwamba mti ni mzima. Wekundu huonekana mwaka unaofuata, wakati kizazi kipya cha mbawakawa kinajiandaa kuruka. Ndiyo maana aliyehesabu miti myekundu katika British Columbia alikuwa akihesabu vifo vya mwaka uliopita.

Mdudu naye hupata ujira wake. Floemu ni chakula duni, hasa kwa upungufu wa naitrojeni. Kuvu huivuta naitrojeni kutoka ndani ya mbao na kuileta karibu, na mabuu huila kuvu pamoja na floemu. Mbawakawa kijana anapotoka ndani ya chumba chake huwa amekula spora na kujaza vifuko vya mdomo kwa safari ijayo.

Wataalamu hawajakubaliana wote kuhusu nani hasa muuaji kati ya wabia hawa wawili. Wanaoishutumu kuvu husema kwamba mti uliokatwa gome kuuzunguka unaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja, ilhali uliovamiwa hufa mapema zaidi, tena ukiwa umekauka maji. Majaribio nayo yameonyesha kwamba msonobari unaotobolewa matundu mengi na kupandikizwa Grosmannia clavigera bila mdudu yeyote waweza kufa. Wengine hujibu kwamba kazi kubwa ya kuvu ni kulisha mabuu, na kwamba uwezo wake wa kuua umekuzwa mno katika vitabu. Kwa mti, pengine tofauti hiyo si kubwa, kwani ni lazima uwazuie wote wawili kwa wakati mmoja.

Namna mti unavyoizuia kuvu ndiyo sehemu isiyofahamika sana nje ya maabara. Utomvu uliokuwamo tangu awali ni ulinzi wa kwanza tu. Ulinzi wa pili huanza baada ya jeraha, nao hutengenezwa upya kwa ajili ya adui aliyekwisha kuingia.

Spora inapoota ndani ya floemu, seli za jirani huutambua uvamizi. Katika floemu zimo seli maalumu zilizopangwa kwa safu, zenye akiba ya kemikali za jamii ya fenoli. Seli hizo huvimba na kumwaga akiba yake. Wakati huohuo seli zinazoizunguka kuvu huanza kufa, nazo hufa kwa hiari, kwa kusema hivyo, zikiwa zimejazwa utomvu na fenoli. Matokeo yake ni kidonda cheusi kirefu, kilichonyooka kuelekea juu na chini ya tundu. Anayebandua gome na kukiona hudhani ni ugonjwa. Kwa kweli kidonda hicho ni kizuizi: mti umeua sehemu yake mwenyewe ili kuvu ibaki imezingirwa na nyama iliyokufa, isiyo na chakula na iliyojaa sumu. Kiasi cha terpini, ambazo ndizo kemikali kuu za tapentaini, katika eneo hilo huweza kuongezeka mara nyingi kupita kiwango cha kawaida. Misonobari pia hutengeneza kemikali iitwayo pinosilvini, ambayo kuvu nyingi haziivumilii.

Baada ya hapo kambiamu hupokea habari. Badala ya kuendelea kutengeneza mbao za kawaida, huanza kutengeneza mifereji mipya ya utomvu, iliyopangwa kwa mstari kuzunguka shina. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, kwa hiyo haiwezi kuuokoa mti katika siku za kwanza za uvamizi. Manufaa yake ni ya mashambulizi yatakayofuata. Mstari huo wa mifereji hubaki ndani ya pete ya mwaka ule, na miaka mingi baadaye huweza kuonekana kwa darubini kama kovu la vita vya zamani.

Mjumbe anayepeleka habari hizo ndani ya mti ni homoni ya jamii ya jasmoneti. Watafiti wamegundua kwamba wakipaka methili jasmoneti juu ya gome lisilo na jeraha lolote, mti hujenga mifereji mipya kana kwamba umeshambuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti nchini Norway walionyesha jambo la kufanana na chanjo. Miti ya sprusi, ambayo ni jamaa wa karibu wa msonobari, iliyopandikizwa kuvu kidogo kwanza, ilistahimili baadaye dozi kubwa ambayo iliiumiza vibaya miti isiyotayarishwa. Baadaye walionyesha kinga ya namna hiyo hata kwa aina moja ya msonobari wa Ulaya.

Ila kuvu nayo haikukaa kuzubaa. Mpangilio kamili wa jeni za Grosmannia clavigera ulichapishwa mwaka 2011, na uchunguzi uliofuata ulifichua kwamba kuvu hiyo ina pampu katika utando wa seli zake, inayozitapika terpini nje kabla hazijaleta madhara. Ikinyang'anywa jeni ya pampu hiyo, uwezo wake wa kuota penye terpini hupungua sana. Si hivyo tu. Baadhi ya terpini, kama limonini, kuvu huweza kuzivunja na kuzila. Sumu aliyotengewa adui, adui ameifanya kitoweo.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya pambano hutegemea zaidi hesabu kuliko ukali wa silaha. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Kenneth Raffa na Alan Berryman walieleza kwamba kwa Pinus contorta kuna kizingiti cha mashambulizi. Chini ya takriban mashambulizi 40 kwa kila mita ya mraba ya gome, mti kwa kawaida huweza kuyazingira yote. Juu ya hapo, akiba yake huisha kabla wavamizi hawajaisha. Kwa shina lenye unene wa sentimita 30, lililovamiwa hadi kimo cha mita 6, hiyo ni sawa na matundu 226 hivi. Mti ule ule unaoshinda matundu 100 huweza kufa kwa matundu 250, ingawa kila tundu peke yake lingedhibitiwa bila taabu.

Kizingiti hicho hakikai mahali pamoja. Utomvu hutengenezwa kwa sukari, na sukari hutengenezwa kwa maji na mwanga. Wakati wa ukame mti hufunga matundu ya majani yake ili usipoteze maji, na kwa kufanya hivyo hupunguza pia chakula chake. Mti wenye kiu hujilinda kwa akiba ndogo, na wadudu wachache hutosha kuuangusha. Mizee iliyosongamana nayo hugombea maji na mwanga, na British Columbia ilikuwa na mizee mingi kupita kiasi, kwa sababu moja ya ajabu: kwa miongo mingi serikali ilifanikiwa kuzima mioto ya msituni ambayo zamani iliifyeka misonobari kabla haijazeeka.

Upande wa pili wa hesabu ni idadi ya mbawakawa, na hiyo iliwahi kusimamiwa na baridi. Mabuu wana dawa yao ya kuzuia kuganda, gliseroli, lakini baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri katikati ya majira ya baridi huwaua kwa wingi. Majira ya baridi ya namna hiyo yaliadimika katika bara la British Columbia. Wadudu waliosalia kila mwaka waliongezeka, nao wakaweza kuvuka kizingiti hata cha miti yenye afya. Ilipofikia hatua hiyo utomvu haukuwa na la kufanya.

Hasara haikuishia msituni. Viwanda vya mbao vilifanya kazi kwa kasi kwa miaka kadhaa ili kuiwahi miti iliyokufa kabla haijapasuka na kuoza, kisha vikaanza kufungwa, na miji iliyotegemea kiwanda kimoja ikapata pigo. Mbao zenye madoa ya buluu hazikuwa dhaifu kwa ujenzi, lakini wanunuzi walizitilia shaka. Baadhi yake ziliezekea uwanja wa mbio za barafu uliojengwa Richmond kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Vancouver ya mwaka 2010. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Werner Kurz walikadiria kwamba katika kipindi cha mwaka 2000 hadi 2020 mlipuko huo ungesababisha hasara ya megatani 270 za kaboni, na kuugeuza msitu uliokuwa ukifyonza hewa ukaa kuwa unaoitoa.

Mbawakawa huyu hayupo Afrika. Misonobari ya Afrika Mashariki, ambayo wengi huiita mipaini au misindano, ni ya kupandwa. Pinus patula inayojaza msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi asili yake ni Mexico. Kwamba iko mbali na adui zake wa nyumbani ni nafuu, ila nafuu ya namna hiyo imewahi kuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya na Tanzania zililazimika kuacha kupanda Pinus radiata baada ya kuvu nyingine, inayoshambulia sindano za mti na isiyohitaji mdudu wa kuibeba, kuiharibu vibaya. Afrika Kusini nako amekwisha kuingia mbawakawa wa magome kutoka eneo la Mediterania, Orthotomicus erosus, ambaye hubeba kuvu zake mwenyewe.

Huko Kanada wasiwasi umehamia mashariki. Mwaka 2006 makundi makubwa ya mbawakawa yalipeperushwa na upepo kuvuka Milima ya Rocky hadi jimbo la Alberta, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walithibitisha kwa vipimo vya vinasaba kwamba mdudu ameingia katika Pinus banksiana, msonobari wa nyanda ambao misitu yake huendelea hadi karibu na Bahari ya Atlantiki. Mti huo haukuwahi kuishi na mbawakawa huyu. Baridi kali iliyopiga Alberta mwaka 2019 na miaka iliyofuata ilipunguza sana idadi yake, nao watumishi wa misitu wa jimbo waliendelea kuutafuta mti mmoja mmoja ulioshambuliwa, kuukata na kuuchoma moto kabla ya Julai.

Katika misitu iliyokwisha kupitiwa, watafiti wamekuwa wakirudi kwenye miti iliyosalia, wakitoboa mashina kwa kijiti chembamba cha chuma na kutoa sampuli za mbao zenye unene wa penseli. Katika baadhi ya misitu hiyo wamekuta kwamba miti iliyopona ilikuwa na mifereji mingi zaidi ya utomvu katika pete zake kuliko jirani zake waliokufa, tena tangu miaka mingi kabla ya mdudu kufika. Baadhi ya iliyopona ilikuwa ikikua polepole, na ilikuwa myembamba kuliko ile iliyovutia macho ya wenye viwanda.